Mama Mdogo kwa Nauli ya Serikali

Bi Mahfudha binti Harub alikuwa na Kiarabu cha chuoni, na hicho ndicho alichoingia nacho Ibra, Oman, mwaka 1973. Alikipata msahafuni tangu ana miaka sita, mtaa wa Malindi, Unguja, kwa hiyo akenda sokoni kununua vitunguu alizungumza kama khatibu wa Ijumaa. Mbuzi wa jirani wakimwingilia uani, aliwafukuza kwa maneno yale yale aliyofukuziwa Ibilisi peponi. Wanawake wa mtaani walikuwa wakija makusudi kumsikiliza, wamejiziba midomo kwa ncha za leso, na yeye akidhani wanavutiwa na ufasaha wake. Msimcheke. Nyinyi nanyi mngepelekwa nchi ambayo babu yenu aliiacha akiwa na ndevu changa, mkaambiwa ndiyo kwenu, tungeona mngesema nini.

Huyo babu, mzee Nadhir, alikuwa amemjaza maneno. Ibra, alisema, mtu hulala chini ya mtende kando ya falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, mdomo wazi, na tende zikamwangukia zenyewe. Bi Mahfudha alifika akaikuta nyumba ya babu ina kuta tatu. Falaji ilikuwepo kweli, maji yake baridi na matamu, ila kila mtu ana zamu yake ya kumwagilia, na zamu ya akina Nadhir ilikuwa imeliwa na binamu zao miaka sitini iliyopita. Na tende zinapandiwa kwa kamba, hazimwangukii mtu. Mumewe, Khalaf, akapata kazi ya kuendesha gari la hospitali. Yeye akaiweka cherehani yake mlangoni penye mwanga, akawa anashona sare za skuli mpya ya wasichana. Basi kila binti wa Ibra aliyejifunza alifu kwa kijiti miaka ile, alijifunza akiwa ndani ya kitambaa kilichopita mikononi mwa Bi Mahfudha.

Walikuja kwa nauli ya serikali, yeye na Khalaf na watoto wao wanne. Siku hizo serikali ilikuwa ikiwalipia tiketi ya ndege watu wenye asili ya Oman waliotaka kurudi, almuradi mtu athibitishe kabila lake, kijiji chake, na nani ni nani wake. Bure nayo ina gharama zake, na gharama ya bure hii ilikuwa fomu.

Sasa nimlete Khole, maana bila Khole hapana kisa.

Khole alikuwa mama mdogo wa Bi Mahfudha, yaani mdogo wake mama yake, tumbo moja. Mama, Bi Azza, ndiye binti mkubwa wa mzee Nadhir. Khole ndiye kitinda mimba, na alichelewa mno kuja. Bibi alipomzaa, alikuwa ameshamficha chini ya kanga mbili mbili miezi tisa kwa haya, kwa sababu mjukuu wake Mahfudha tayari ana miaka mitatu na anakimbia nyumba nzima. Kwa hiyo Mahfudha alikuwa na mama mdogo ambaye yeye ndiye aliyemzidi umri, kwa miaka mitatu, na wala hapana aliyeona ajabu. Mama mdogo ni mama mdogo hata akiwa bado anapakatwa. Mahfudha akitoka chuoni alimwamkia mtoto ambaye jana yake alikuwa akimfuta makamasi, na mtoto yule akaitikia "marahaba" kwa sauti nzito ya kujilazimisha.

Walikua pamoja, wakagombana kama chui na paka, wakaolewa. Mahfudha akajaaliwa watoto. Khole hakujaaliwa hata mmoja, kisha akafiwa na mume. Ilipokuja habari ya nauli ya serikali, Bi Azza alikuwa ameshalala kitandani miezi minane, hageuki ila ageuzwe. Mtu lazima abaki. Khole alisema, "Nenda wewe una watoto. Mimi nani ananingoja?" Mahfudha akamwapia kuwa atamleta, akapanda ndege na uso umevimba kwa kulia.

Mwaka 1975 Bi Azza akafariki. Barua ya Khole ilikuwa fupi. "Dada ametutoka," aliandika, "na nyumba imekuwa kubwa. Nimeanza kuzungumza na redio, nayo betri zake zimekwisha. Usijitie tabu na mimi." Bi Mahfudha aliisoma sentensi hiyo ya mwisho kama ambavyo mtu yeyote angeisoma. Kesho yake alikuwa ofisini.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili ndani ya jengo la liwali. Chumba kimoja cha karani, kijana mmoja wa mji wa Sur akiitwa Ghanim, safi, mpole, hana neno la Kiswahili hata moja. Cha pili cha kadhi. Kwa mwaka ule, majina yalikuwa yapokewe mpaka mwisho wa Shaabani, na baada ya hapo, alisema Ghanim, asitokee mtu. Nauli imefika kikomo. Bi Mahfudha na Khalaf wangeshona na kuendesha mpaka macho yawapofuke, tiketi ile wasingeipata kwa mfuko wao wenyewe. Ikiwa Khole haingii kwenye orodha hii, Khole haji.

Hapo ndipo alipojitokeza Marzuk. Bwana Marzuk alikuwa mrejea pia, lakini wa bara, kazaliwa Tabora, kafanya ukarani stesheni ya reli, na mfuko wa shati lake haukukosa kalamu tatu. Hakuna aliyemteua kuwa mkalimani wa ofisi ile, alijiteua mwenyewe. Kiarabu cha kienyeji alikisema mbio mbio kama maji ya bomba.

"Mama, wewe tulia kabisa," alimwambia Bi Mahfudha. "Mambo ya fomu na faili ni laini yangu. Unataka kumleta nani?"

"Mama yangu mdogo. Khole binti Nadhir. Yuko Unguja, peke yake."

"Mama mdogo. Okei."

Sasa sikilizeni. Kwao Marzuk, Tabora, baba yake alikuwa na wake wanne. Aliyemzaa ni mama, na wale watatu waliobaki, kila mmoja ni mama mdogo. Kwa Marzuk neno hilo halikuwa na maana nyingine duniani. Akamgeukia Ghanim akamwambia kwamba bibi huyu anataka kumleta *hurma* wa baba yake. Huko Oman mtu akisema hurma wa fulani, anakusudia mkewe. Bi Mahfudha alilisikia neno vizuri sana. Lakini kwa Kiarabu chake cha chuoni hurma ni heshima, basi akaona Marzuk anamsifu marehemu baba yake kwa heshima zake, na akaitikia kwa kichwa, "Ndiyo, ndiyo. Alikuwa nayo sana."

Ghanim akauliza umri. Khole thelathini na tisa. Na mwombaji? Arubaini na mbili. Ghanim akatabasamu kidogo chini ya masharubu: mzee kaoa msichana mdogo kuliko bintiye. Mambo hayo hata Sur yapo. Bi Mahfudha akaona kijana ana uso wa bashasha, naye akamtabasamia. Mjane wa baba alikuwemo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, kwa hiyo kalamu ilikwenda bila kukwama.

Wiki mbili baadaye karatasi ikatoka. Imekubaliwa. Kimebaki kitu kimoja tu: mwombaji aende mbele ya kadhi, aape kuwa yaliyoandikwa ni kweli, upigwe muhuri. Bi Mahfudha alipiga kigelegele kikawashtua mbuzi wa jirani. Akamwita shoga yake Turkiya, mzaliwa wa Wete, Pemba, anayekaa nyumba ya pili, akamkalisha mkekani ili amsomee karatasi yote neno kwa neno. Alisoma kwa kidole, kama alivyofundishwa. Khole. Binti Nadhir. Kisha kidole kikasimama. Kikarudi nyuma, kikaanza tena. Karatasi za serikali haziandiki hurma. Zinaandika *zawja*, na neno hilo halikumpa nafasi ya kukosea.

"Mbona kimya?" akauliza Turkiya.

"Khole kaolewa."

"Alhamdulillahi! Na nani?"

"Na baba yangu."

Turkiya aliweka kikombe cha kahawa chini taratibu.

Lazima mumjue Mzee Harub ili mwone ukubwa wa msiba. Alikuwa mtu aliyevua viatu chini ya ngazi akichelewa msikitini, asije akamwamsha mkewe. Alikuwa karibu aombe ruhusa ya kupiga chafya. Mtu huyo, miaka kumi na minne yumo kaburini, leo karatasi ya serikali inasema alioa dada mtu na mdogo mtu, wote wawili, wakiwa hai, jambo ambalo dini imelikataza waziwazi na ambalo Bi Azza angelikataza kwa mchi wa kinu.

"Sasa wewe piga kimya," alisema Turkiya baada ya kufikiri. "Kadhi atauliza, utasema naam, basi. Marehemu hasomi mafaili."

"Niape, Turkiya? Mkono juu ya msahafu?"

"Ulimi unaapa, moyo unajua. Khole atakuja, mtakaa hapa, mtacheka mpaka mkojo uwatoke."

Na Bi Mahfudha, nisimsingizie utakatifu, aliipima rai ile mchana kutwa. Alimtaka Khole. Alimtaka mpaka kifua kilimuuma kama mtu aliyemeza mfupa. Siku ile aliharibu sare mbili. Moja aliishona mkono ndani nje, nyingine ikawa na mikono miwili upande mmoja. Akimfikiria Khole mbele ya redio isiyo na betri, alikuwa tayari kuapa. Akimfikiria baba yake, yule bwana mpole aliyemfundisha kuifungua midomo kwa Bismillahi, sasa anabebeshwa dhambi asiyoijua, na anayembebesha ni bintiye kwa mkono wake wa kulia, alihisi joto la aibu limempanda mpaka masikioni. Usiku alilala. Asubuhi akavaa buibui, akaenda kwa kadhi bila kuwa na uhakika atakachosema.

Kadhi Hashil siku ile alikuwa anaumwa na jino. Shavu limevimba, karafuu iko mdomoni, na subira yake yote imekwenda kwenye ufizi. Ghanim alikuwa amesimama na faili, Marzuk kando yake na kalamu zake tatu. Kadhi akafungua ukurasa wa kwanza, penye jina la mama mzazi wa mwombaji. Akafungua wa pili. Akarudi wa kwanza.

"Azza binti Nadhir," alisema. "Na Khole binti Nadhir. Bibi, baba yako alioa ndugu wawili?"

Ghanim akawa mwekundu. Marzuk akainama sikioni mwa Bi Mahfudha. "Mama, sema alimwoa huyu mdogo baada ya yule mkubwa kufa. Hiyo ni halali. Itapita."

"Baba amekufa sitini na moja," alijibu Bi Mahfudha bila kuteremsha sauti. "Mama sabini na tano. Unataka baba afufuke aje kuoa?"

"Anasema nini?" akauliza kadhi.

Bi Mahfudha akamsukuma Marzuk kwa kiwiko, akasogea mbele, akafungua Kiarabu chake chote cha Malindi. Nakupeni kama kilivyosikika.

"Ewe Sheikh! Hakika mimi sitaapa. Hakika huyu bwana amenizulia uzushi ulio dhahiri, naye hajui. Wala baba yangu hakuoa ila mke mmoja, na alikuwa akimwogopa khofu iliyo kubwa. Na hakika Khole ni dada wa mama yangu."

Kadhi alimtazama. Karafuu ilihama kutoka shavu moja kwenda la pili.

"Khala," alisema Ghanim polepole. "Huyu ni khala yako?" Akaitoa orodha, akaisoma kwa sauti ya mtu anayeomba radhi: baba, mama, mume, mke, watoto, mjane wa baba. "Khala hayumo, Sheikh. Na faili imeandikwa uongo. Hii ni ya kufungwa."

Neno la kufungwa lilimkata maini. Aliona kwa macho yake faili linafungwa, na Khole anafungiwa humo humo. Na Bi Mahfudha alipoudhika kweli, Kiarabu kilimkimbia chote kikamwachia Kiswahili peke yake.

"Wewe Marzuk, njoo hapa," alisema. "Tafsiri. Na ole wako upunguze neno, ole wako uongeze! Mwambie, kwetu Unguja khala hatumwiti khala. Tunamwita mama. Si kwa kukosa neno, maneno tunayo mengi tu. Tunamwita mama kwa sababu dini iliyotoka huku kwao ikavuka bahari mpaka kwetu ndiyo iliyotwambia khala yuko mahali pa mama. Sisi wa mbali tumelishika. Wao wenye dini yao wamesahau kuliweka kwenye fomu?"

Marzuk alitafsiri, jasho linamtoka, neno kwa neno.

"Mwambie tena. Mama yangu mzazi nilimwacha kitandani, mimi, nikapanda ndege ya serikali. Aliyemgeuza ubavu si mimi. Aliyemnywesha uji si mimi. Aliyemfumba macho si mimi. Ni Khole. Nimeshakosa kumzika mama mmoja. Mwambie sitaki kumkosa na wa pili kwa sababu ya kijisanduku cha karatasi."

Sentensi ya mwisho Marzuk aliitafsiri mara mbili, bila kuambiwa. Kadhi akaitoa karafuu mdomoni, akaiweka juu ya meza.

"Anasema kweli," alisema. "Khala yuko mahali pa mama. Hilo hata mtoto wa chuoni analijua, isipokuwa aliyeandika orodha hii. Ghanim, futa mjane wa baba. Andika mama."

"Sheikh," alisema Ghanim, "mama ni mdogo kwa mwanawe miaka mitatu. Maskati watanicheka."

"Watakucheka wewe, hawatanicheka mimi. Andika. Nitaeleza pembeni kwa mkono wangu. Bibi, hilo utaliapia?"

"Hilo nitaliapia mara saba," alisema Bi Mahfudha, akaupeleka mkono juu ya msahafu.

Faili likapelekwa Maskati siku mbili kabla ya Shaabani kumalizika. Ramadhani yote hakuna jibu. Bi Mahfudha alishona sare, alipika futari, alimwuliza Ghanim kila Jumamosi, mpaka Ghanim akawa akimwona kwa mbali anatikisa kichwa kabla hajaulizwa. Marzuk alipita nyumbani mara mbili kuomba radhi na mara zote alikula sambusa. Sita ya Shawwali jibu likaja, na safari hii Bi Mahfudha aliisoma karatasi yote mara tatu kabla hajathubutu kupiga kigelegele.

Walikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Seeb kwa pikapu ya Marzuk, aliyesema asingekubali mtu mwingine apewe heshima hiyo. Abiria walitoka mmoja mmoja. Khole hakutoka. Wakapita wote, wakaisha, wakapita na marubani. Moyo wa Bi Mahfudha ulikuwa umeshaanza kumwambia mambo mabaya alipotoka askari kijana akauliza kwa sauti, "Mahfudha binti Harub ni nani?"

Akapelekwa ndani. Khole alikuwa amekaa kwenye benchi, buibui jeusi, amepungua, kapu lake liko mezani, limefungwa. Nywele zake za mbele zilikuwa na hina. Za Bi Mahfudha zilikuwa na mvi. Hawakukumbatiana bado, maana askari alikuwa katikati yao na karatasi mkononi. Alikuwa mzaliwa wa Pemba, kaletwa mdogo, na Kiswahili chake kilikuwa kimeshaanza kupoteza vifungo.

"Shikamooni. Mama, huyu nimeuliza kapu hii iko na nini, yeye anasema iko na mbuzi. Mimi naogopa kufungua."

"Mbuzi ya nazi, mwanangu!" alisema Bi Mahfudha. "Ya kukunia! Khole, umebeba mbuzi ya nazi kuja Ibra? Huku nazi huzioni hata kwa dawa!"

"Ndiyo ya marehemu dada," alisema Khole. "Ningemwachia nani?"

Askari akalifungua kapu, akaitazama ile mbuzi, akaitazama karatasi, akakunja uso zaidi. "Na shida ingine. Hapa imeandikwa huyu ni mama, wewe ni mtoto. Lakini miaka yako mingi kuliko yake. Hii imekosewa?"

Bi Mahfudha alifungua mdomo aeleze yote, hurma na zawja na jino la kadhi, lakini Khole alikuwa ameshanyanyuka. Hakuna aliyekuwa amemwambia aliingizwa nchini kwa jina gani. Aliinyooshea mkono karatasi, akapewa, akalitafuta neno kwa kidole mpaka akaliona. *Umm.* Kidole hakikuondoka pale. Mwanamke huyu alishakwenda kwa waganga wa Unguja na wa Pemba, alishapimwa na daktari wa Kizungu, alishaitwa tasa ukumbini mbele ya watu, na hapana karatasi ya nchi yoyote iliyowahi kumwandika hivyo.

Akamrudishia askari karatasi yake, akamshika Bi Mahfudha mkono, akaushika kwa nguvu.

"Haikukosewa," alisema. "Huyu ni mwanangu. Kanitangulia kuzaliwa tu."